Nilikataa jina la shangazi, binamu yangu akachukua nyumba ya Malaba

Wakuu, poleni na kazi. Mimi ni nyanya ya wajukuu tisa, shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa someni tu. Haya niliyaishi mwenyewe.

Miaka ya tisini shangazi yetu Taaka alifariki. Hakuzaa. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu Malaba, na cherehani.

Wa karibu tulikuwa mimi na binamu yangu Ajambo.

Huyo Ajambo nilimwonea wivu tangu utotoni. Shangazi akileta vitenge kutoka Uganda, kizuri kinaenda kwake. Mimi napewa kile kimepauka.

Sasa, kwetu Samia, baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa nywele. Ukoo unakaa, mali ya marehemu inagawanywa. Nikasema hapo ndipo nitamnyamazisha.

Nikaenda Sio Port kuuliza wazee habari za ukoo. Kumbe babake Ajambo aliletwa mgongoni, nyanya yetu alipokuja kuolewa. Hakuzaliwa na babu!

Siku ikafika. Nikasimama, nikataja majina saba ya mababu kwenda nyuma bila kukwama. Halafu nikamwaga hiyo ya mgongoni mbele ya watu wote.

Ajambo akainama. Nilisikia utamu, wakuu, siwadanganyi.

Mzee wa ukoo akaniangalia.

"Mama, nyuma umetueleza. Na mbele? Binti yako ana mimba. Huyo mtoto ataitwa Taaka?"

Mjue, kwetu mwanamke akifa bila mtoto, jina lake linaogopwa. Ati litafunga tumbo la atakayelibeba. Nikasema hapana, mjukuu wangu simwekei mkosi.

Ajambo akainua kichwa.

"Mtoto wa binti yangu ana siku nne," akasema. "Ni Taaka tayari."

Basi. Kwetu upande unaobeba jina la marehemu ndio unarithi. Nyumba ikaenda kwake, na cherehani juu.

Na mimi, aibu yangu hii, nikakaa kungoja hilo jina limfunge yule mtoto. Nikangoja miaka.

Taaka akaolewa. Ana watoto watano, wawili mapacha.

Mjukuu wangu niliyemkinga anaitwa Nabwire. Mrembo, mwerevu, kwa hao tisa hakuna wa kumfikia. Anafanya biashara Malaba, amepanga chumba kizuri.

Kwa Taaka, nyumba ile ile ya shangazi.

Nikienda kumwona, Taaka ananipikia chai na kuniita nyanya. Nainywa. Bado inaniuma.

Nilichojifunza: nilichimba ukoo wa mwenzangu mpaka chini, na jina la shangazi yangu mwenyewe likanishinda kubeba.

Ninyi mngekubali hilo jina? Semeni. Hata wa kunitukana, nitasoma.