Siku Niliyomwita Bibi Nakijwa Mwizi wa Maji

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, siku ya Jumanne, nilipoteleza juu ya ukingo wa ndiva na kugonga kisogo kwenye saruji, na dakika hiyo naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika mwenyewe kwenye daftari: "12:10, ndiva imefungwa." Ndiva ilikuwa haijafungwa. Niliandika kwanza kwa kuwa mwanga ulikuwa unaisha na miwani yangu imechoka, nikasema nikishaandika nitafunga (kosa hilo peke yake lingetosha kunivua ukarani wa maji, lakini subirini), na aibu yote ninayowasimulia, ya kumwita mwizi mama mwenye umri wa kunizaa mbele ya majirani wote, ilitokana na mstari huo mmoja.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wetu wa Upareni walilijenga ili maji ya mfereji yajikusanye usiku. Asubuhi linafunguliwa, wenye zamu wanamwagilia, jioni linazibwa kwa kizibo, na kizibo chetu kilikuwa gogo la mti mgumu, nene kama paja la mtu, lenye pete ya chuma kichwani. Huku kwetu juu ya Suji, kiangazi kikishika, bila ndiva hakuna maharage. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa zamu kwa miaka kumi na mmoja. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea, na watu huniita Bwana Daftari, baadhi kwa heshima na baadhi sivyo.

Ninachokumbuka ni mguu kuteleza, mawingu, halafu niko nyumbani nanawa mikono. Katikati hapana kitu. Mke wangu, mama Neema, akanitazama mgongoni.

"Baba Neema, mbona tope mpaka shingoni? Umeanguka?"

"Nimeegemea ukuta wa banda."

Uongo mdogo, wa maneno manne. Sababu yake naieleza bila kujitetea: kanuni za ndiva niliziandika mimi, na mojawapo inasema karani akiumwa anakabidhi daftari kwa msaidizi mpaka apone, na mimi sikutaka mtu mwingine ashike daftari langu. Basi nikajipima mwenyewe. Nina kitabu cha huduma ya kwanza, kimeng'oka jalada, kinasema aliyegongwa kichwa aulizwe jina, aulizwe siku, kisha ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kutoa saba saba. Nikahesabu, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, bila kukwama hata mara moja, nikajipa alama zote nikalala. (Hesabu hiyo nilikuwa naijua kwa moyo tangu nilipokinunua kitabu. Hata mtu aliyelala angeweza kuitaja.)

Asubuhi ya Jumatano nilikuta ndiva tupu, tope linang'aa, kizibo hakipo. Maji yote yalikuwa yametoka usiku na kupita katika shamba la kwanza chini ya bwawa, shamba la Bibi Nakijwa, mjane, maharage yake yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Kichwa kilikuwa kinaniuma kama kuna mtu anapiga randa ndani, jua la asubuhi lilikuwa linachoma macho kuliko jua la saa sita, na bado nikafungua daftari kwa utulivu kabisa nikasoma: imefungwa. Nikateremka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maji yamenivunjia matuta. Nani kafungua?"

"Hilo nilitaka kukuuliza wewe. Kizibo umekificha wapi?"

Akasimamisha jembe. "Gogo lile nilibebe mimi? Na mgongo huu?"

"Mama, zamu yako ni Ijumaa. Maji yamekuja kwako usiku wa Jumanne. Na daftari linasema nilifunga."

"Basi lije lilime hilo daftari."

Watu wawili watatu waliokuwa njiani wakacheka, nami kicheko kile kikaniingia vibaya, nikapaza sauti nikasema neno lile, mwizi, tena nikalirudia, nikaongeza kwamba nitamshtaki kwenye kamati kesho yake saa nne. Jioni ile mke wangu alipika makande, yameiva vizuri ajabu, nikala sahani mbili huku naandika mashtaka.

Alhamisi walikuja kama watu arobaini. Nilivaa miwani ya jua ya binti yangu Neema, ile aliyoiacha likizo, ina dhahabu ya kung'aa pembeni, kwa sababu bila hiyo nisingeweza kufungua macho. Hakuna aliyenicheka kwa sauti. Nikasimama, nikasoma mashtaka yangu, tarehe, saa, kipimo cha maji kilichopotea, nikamaliza, nikashusha karatasi, nikaipandisha tena nikaanza kusoma.

"Umeshasoma, Bwana Daftari," akasema mwenyekiti.

"Nani amesoma?"

Hapo ndipo walipocheka. Nilidhani wanamcheka Bibi Nakijwa.

Alipopewa nafasi alisema maneno machache tu, kwamba hakugusa ndiva, na kwamba mtu haibi maji ya kumbomolea shamba lake mwenyewe. Mwenyekiti akanigeukia akaniuliza kama nina hakika nilifunga, nami nikasema ninaliona gogo likiingia, naisikia mikono yangu ikisukuma. Na kweli nilikuwa naliona. (Ilikuwa ni jioni ya Jumatatu, au ya Jumapili, au jioni yoyote kati ya maelfu, kichwa kilichukua moja kikalizibia pengo.) Kamati ikamnyima zamu mbili, Ijumaa ile na Ijumaa iliyofuata, ikamtoza faini ya elfu ishirini. Akailipa palepale.

Nikafungua daftari niandike uamuzi, mistari ikaanza kupanda na kushuka, nikainama, nikatapika makande yote juu ya viatu vya mwenyekiti.

"Dengelua hiyo!" mtu akapiga kelele. Hiyo ni pombe yetu ya miwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kanisani kila mwaka kuwahubiria watu waiache. Wakashangilia. "Karani kalewa! Ndiyo maana ya miwani!"

Aliyewanyamazisha ni Bibi Nakijwa. Alinisogelea, akanivua miwani ya Neema, akanitazama.

"Mimi mwizi, lakini pua ninayo. Huyu hanuki pombe. Wewe, umekuja hapa na nani?"

"Na mke wangu."

"Mkeo hayupo. Mmeona? Mlevi husahau kesho yake, huyu anasahau papo hapo. Amegonga kichwa huyu. Mpelekeni hospitali Same kabla hamjamzika."

Walimwita mke wangu aliyekuwa bondeni akikata majani ya ng'ombe, wakatutia kwenye gari la Noah, na kila kona ya kushuka mlima nilikuwa naiomba iwe ya mwisho. Hospitalini, daktari alikuwa kijana wa umri wa Neema, na mimi, mtu wa miaka hamsini na miwili, nikamwamkia "shikamoo". Aliona haya kuliko mimi.

"Baba, leo siku gani?"

"Jumanne."

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Alianguka," akasema mke wangu. "Ana uvimbe kisogoni kama yai, nimeugusa alipolala."

Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Alieleza vizuri, kwamba fuvu halikuvunjika lakini ubongo umetikiswa ndani yake, na kwamba kumbukumbu za wakati wa kuanguka huenda zisirudi kabisa. Nipumzike wiki mbili. Nisisome, nisiandike, nisitazame simu, nisiiname, nisipande bodaboda, nisipigwe na jua, na nikitapika tena au nikisinzia kusikokuwa kwa kawaida nirudishwe mara moja. Nikamwomba aniandikie orodha hiyo nikaisome nyumbani. Akamtazama mke wangu.

Sijui niwaelezeje siku zile. Mke wangu alitundika khanga mbili dirishani, nikalala katika chumba chenye giza la mchana. Kuku wakitembea juu ya bati nilisikia kila ukucha. Kengele ya kanisa ilinifanya nishike kitanda. Mtu aliyejifunza kila kitu kwa kusoma, ukimnyang'anya kusoma, anabaki na nini? Nilitoa machozi kwa sababu uji ulikuwa wa moto. Nilimfokea mke wangu kwa kufagia, nikaomba radhi, nikasahau kama nimeomba, nikaomba tena.

Jumapili, siku ya tano baada ya kuanguka, alikuwa amekaa miguuni pangu akichambua mchele. Nikawa namweleza taratibu juu ya wizi ule, na kwamba kinachonisumbua ni mwanamke mzee amewezaje kuondoka na kizibo.

"Kizibo kikoje?"

"Gogo. Nene hivi. Lina pete ya chuma."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Gogo lile ulilokuja nalo?"

"Nilikuja nalo lini?"

"Jumanne, na tope lako. Umelipakata kama mtoto. Nikakuuliza la nini, ukaniuliza gogo gani. Nikadhani umeokota kuni. Likakauka jikoni, Jumatano nikalipikia makande." Akaongeza polepole, "Mimi niliambiwa maji yameibiwa. Hakuna aliyeniambia habari ya gogo."

Nilikaa kitandani mpaka chumba kilipoacha kuzunguka. Hapo nikakumbuka kwamba kalamu ilitangulia mkono, niliandika kwanza nikasema nitafunga baadaye. Zamu moja ya Bibi Nakijwa ilikuwa imeshapita. Ya pili ilikuwa Ijumaa iliyokuwa inakuja, na maharage yenye maua hayangoji. Nikamwambia mke wangu akamwite mwenyekiti sasa hivi.

Alikuja jioni ileile, amevaa ndala. Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa.

"Bwana Daftari, pumzika."

"Mwenyekiti, sikuifunga ndiva. Mama yule hana kosa. Mrudishieni zamu yake."

"Alhamisi ulisema umeifunga na mikono yako unaisikia. Leo unasema hukuifunga. Nikuamini wa siku ipi?"

"Wa leo! Alhamisi nilikuwa sina kichwa."

"Na leo una cheti cha hospitali kwamba kichwa hakijarudi. Nikienda kuwaambia wajumbe, watasema mgonjwa anaweweseka."

"Gogo nimelichoma mimi mwenyewe," akasema mke wangu.

"Mama Neema, mke atasema analolisema mume. Wiki mbili zikiisha, akipona, tutakaa."

Na hapo ndipo palipo na uchungu wa mkasa huu, ndugu zangu. Siku nilipokuwa mgonjwa kuliko siku zote walinisadiki bila swali, kwa sababu nilishika daftari. Siku nilipoanza kupata akili hakuna aliyenisadiki, na kila nilivyozidi kusisitiza ndivyo nilivyozidi kuonekana sijapona. Kwa hiyo kupona kwangu kukawa si kwangu peke yangu. Kuna shamba lilikuwa linakauka likingoja kichwa changu kipone, na kichwa hakiharakishwi. Jumanne niliinuka nikataka kwenda mwenyewe kwa wajumbe, nyumba kwa nyumba. Nilifika mlangoni. Mke wangu alinikuta nimekaa chini nimeshika kizingiti, akanirudisha kitandani bila kunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

Tukabakiwa na njia moja, pete ya chuma, kwa kuwa chuma hakiungui. Majivu alikuwa ameshayamwaga migombani, penye rundo la miezi. Kila alipomaliza kazi zake aliyachekecha kwa chekeche la unga, mimi nimekatazwa kuinama, nimelala nasikiliza sauti ile, shua, shua, Jumatatu, Jumatano, Alhamisi. Ijumaa ya pili ikapita, maji yakaenda kwa wengine. Aliipata Jumamosi saa mbili asubuhi.

Mwenyekiti aliitambua pete kabla hajaishika, maana fundi aliyeifua alikuwa baba yake. Kikao kikaitishwa Jumapili baada ya ibada. Miwani ya Neema sikuthubutu kuivaa tena, nikajifunika khanga ya mke wangu kichwani ili jua lisinichome, naye akanishika mkono tukaenda.

"Bi harusi huyo!" akasema mmoja. "Pigeni vigelegele!"

Wakapiga, na kila kigelegele kiliniingia kichwani kama msumari. Nilipopewa nafasi niliongea chini chini, nikasema nilimsingizia mama huyu, nikaeleza mstari niliouandika kabla ya kutenda, nikaeleza kuanguka, uongo wa ukuta wa banda, gogo na makande. Bibi Nakijwa alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani.

"Sijasikia," akasema.

Nikarudia.

"Neno mwizi ulilipigia kelele mpaka ng'ambo walisikia. Na hili nalo lifike ng'ambo."

Nikapiga kelele. Kwamba Bibi Nakijwa si mwizi, kwamba aliyemwaga maji ni mimi. Bonde likairudisha sauti yangu, nikasikia maumivu nyuma ya jicho la kushoto, nikamaliza nikiwa nimesimama kwa nguvu za mke wangu.

Tulikwenda kuliona shamba, wote. Maua yalikuwa chini, makavu, yaliyobaki kwenye mashina yanahesabika. Mwaka uliotangulia alivuna debe sita. Mwaka huu alivuna debe moja.

Leo ni mwezi wa tano tangu nianguke. Kichwa kimerudi, isipokuwa nikisoma zaidi ya saa moja herufi huanza kupanda, na kuna majina ya watu ninaowajua tangu utoto hunipotea katikati ya salamu. Daftari la ndiva nimelikabidhi kwa mwingine, kwa kanuni yangu mwenyewe. Mambo mawili nimejiapiza: sitaandika jambo ambalo mkono haujalitenda, na nikigonga kichwa, hata kama ni kwenye fremu ya mlango, nitasema siku hiyohiyo kwa mtu wa kwanza nitakayemwona, hata kama hajaniuliza.

Bibi Nakijwa nikimwamkia huitikia, wala haongezi neno. Nilimlipa debe tano kwa elfu arobaini na nane kila moja, akapokea. Gari la kwenda na kurudi Same lilikuwa elfu thelathini, hospitali elfu arobaini na saba, kizibo kipya kwa seremala elfu ishirini na tano. Ukiacha ile faini ya elfu ishirini, ambayo hadi leo imo katika kisanduku cha kamati kwa kuwa mama yule ameletewa mara tatu na mara tatu amekataa kuipokea, hasara yote ni shilingi laki tatu na elfu arobaini na mbili.