Ukuta Ulioangushwa na Mvua ya Kiangazi

Ofisini walimwita Bibi Nukta, maana hakuna ripoti iliyotoka mikononi mwake ikiwa na kasoro hata ya nukta. Alikuwa karani wa ukaguzi wa majengo, mwaka wa ishirini na mbili huo. Wakaguzi walimletea maelezo kwa Kiswahili cha haraka haraka, naye akayageuza kuwa Kiingereza kilichofunga tai. Zamani aliwahi kumrudishia mkaguzi karatasi mara tatu kwa kuchanganya uharibifu wa mafuriko na uharibifu uliofanywa na watu.

Lakini miaka huchosha. Siku moja akatunga ripoti ya mfano, ya nyumba iliyobomolewa na mvua kubwa, na tangu hapo ofisi nzima ikawa inanakili hiyo hiyo: badilisha jina la mwenye nyumba, badilisha tarehe, kazi kwisha. Ya uharibifu uliofanywa na watu haikutungwa, kwa sababu hiyo ina maswali mengi: nani, lini, kwa amri ya nani. Basi kidogo kidogo watu wa mji ule wakaacha kabisa kuharibu vitu. Kila kitu ikawa mvua.

Asubuhi moja akaingia mshonaji, mama wa makamo, sindano mbili zimechomekwa kifuani pa gauni, mkononi nakala ya ripoti.

"Dada, binti yangu kanisomea hii. Eti ukuta wangu umeangushwa na mvua."

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada."

"Mvua ipi? Ndoo zangu zina miezi mitatu hazijaona tone. Au ilininyeshea mimi peke yangu?"

Karani wa meza ya pili aliangua kicheko. Bibi Nukta hakucheka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alilivuta faili akayatafuta maelezo ya mkaguzi. Yalikuwa wazi kabisa: katapila la mkandarasi lilichimba mtaro shubiri moja tu kutoka ukutani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenakili mfano bila kuyasoma.

"Wakisema mvua, hakuna wa kunijengea," mshonaji alisema. "Cherehani zangu tatu ziko nje chini ya turubai. Na nimeambiwa faili linafungwa leo."

"Keti, dada. Naandika upya."

Akafunua ukurasa wa pili wa maelezo. Jina la dereva wa katapila lilikuwa la mwanawe, wa pekee, aliyepata kazi hiyo miezi minne tu iliyopita baada ya miaka miwili ya kuzurura na bahasha ya vyeti. Aliogopa, tena sana. Angeiacha ile mvua pale ilipo, na hakuna mkubwa ambaye angeuliza. Akatoka koridoni na simu.

"Mwanangu, ule ukuta wa mshonaji. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nilimwambia msimamizi tuko karibu mno. Akasema chimba. Nikachimba."

"Nataka kuandika hivyo hivyo."

"Nitamwaga unga, mama."

"Huenda. Na uliyomwambia msimamizi nitayaandika pia. Utayasema mbele yake?"

Alingoja mpaka sikio likamuuma kwa kuibana simu.

"Nitayasema," kijana akajibu kwa sauti ndogo. "Andika."

Bibi Nukta akarudi mezani, akapiga moyo konde. Safari hii hakuufungua mfano wake. Aliandika nani alichimba, kwa mashine gani, umbali gani, nani aliamuru na nani alionya. Jina la dereva aliliandika lote, herufi kwa herufi, polepole kuliko kawaida yake.

Mshonaji aliinama akalitazama. "Ndiye aliyeuangusha huyo?"

"Ndiye."

"Unamjua?"

"Nimemzaa," alisema Bibi Nukta, akatia saini.