Maoni ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani wetu wa Kimamba ana sauti ndogo, maana mchana kutwa midomo yake imebana pini. Akimpima mtu kiuno, hugeuza uso pembeni kwa heshima. Lakini habari mpya ikitoka kwenye tovuti ya habari za Kilosa, hutema pini zote kiganjani, huchukua simu, na kidole gumba huanza kukimbia. Mashavu humvimba, shingo humtoka jasho. Akishatuma maoni yake, hurudisha pini mdomoni na kuendelea kupinda suruali za watu kwa upole.

Juzi nilikuwa nasubiri koti langu alipoingia Yudith, binti anayeiendesha tovuti hiyo, kujaribu gauni la harusi ya dada yake.

“Nataka kufunga sehemu ya maoni,” alisema akiwa amenyoosha mikono apimwe. “Kuna mtu ananitukana kila nikiandika. Jana kaniita kichwa cha nazi.”

Fundi akasita. “Usifunge, mwanangu. Futa matusi, hoja uziache. Wengine hatuna pengine pa kusemea. Na lile daraja la Tindiga kweli uliliandika vibaya.”

Yudith alishusha mikono taratibu. “Mbona sijakwambia alinitukana kwenye habari gani?”

Fundi, mzee mwenye wajukuu, alibaki ameshika futi hewani. Kisha akamwinamishia kichwa binti yule.

“Shikamoo,” akasema.

Yudith alifikiri kidogo. “Marahaba. Kiunoni punguza.”