Marinda ya Babu Daud

Hadi leo nikisikia harufu ya ubani kwenye nguo ya sufu, viganja huniwasha. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Babu Daud, baba yake Baba, alikuwa Mskochi, fundi wa mitambo. Alisilimu, akamuoa bibi yangu wa Unguja, akafia hapa Maskati kabla sijazaliwa. Mimi nilirithi pua yake tu, na binamu zangu hawakuacha kunikumbusha: "Uskochi wako uko puani!" Basi nilipokuwa na miaka kumi, Baba akasema Waskochi wa hapa mjini watafanya michezo yao kule Bustan. Nikaapa nitakwenda kurusha gogo kama Babu alivyorusha ujanani kwao. Tena nitarusha nimevaa nguo yake.

Nguo yenyewe ni ile sketi ya miraba, yenye marinda, wanayovaa wanaume wa kwao. Bibi aliiweka ndani ya begi chini ya kitanda chake, nyumbani kwetu Mabela. Wiki nzima sikumwacha apumue.

"King'ang'anizi weye!" akasema mwisho. "Haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikainama kweli, nikatambaa mpaka ukutani, nikatoka na vumbi kichwani.

Nilipolifungua begi nikaziba pua. "Bibi, inanuka!" Ilinuka tumbaku, grisi na jasho la mtu mzima. Bibi aliichukua mikononi mwangu. Alikaa nayo mapajani kitambo, kisha akaniambia nilete chetezo. Kwetu nguo ya shughuli haitoki nje bila kufukizwa, basi akaitandaza juu ya moshi wa ubani mpaka ikanukia yote. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni moshi.

Siku ya michezo akanivisha juu ya suruali, akaizungusha mara mbili, akaifunga kama kikoi, marinda yote mbele.

Kiwanjani zumari za kiriba, zile za Kiskochi zenye mfuko wa upepo, zilikuwa zinalia, na watoto walinicheka hadi wakakaa chini. Mzee aliyesimamia magogo ya watoto akaniambia kwa upole kwamba marinda huwekwa nyuma.

"Mkewe mwenye nguo ndiye aliyenifunga," nikamjibu.

Baba akaninong'oneza niigeuze, tunaaibika. Sikuigeuza.

Kumbe kurusha mbali si kitu. Gogo linatakiwa lipinduke hewani, kichwa kiguse chini, kisha lianguke mbele. Mara ya kwanza liliniangukia begani. Mara ya pili nikakanyaga marinda, nikaanguka nalo. Baba akasema basi, twende zetu. Thubutu! Nikayakusanya marinda, nikayachomeka kiunoni kama mwanamke anayepiga deki, nikakimbia, nikalisukuma juu kwa nguvu zote, magome yakinichuna viganja. Likapinduka! Yule mzee alipiga kelele kushinda zumari.

Nilirudi nyumbani nimelowa jasho kama hamali. "Bibi, tuifue," nikasema.

Akaipokea, akauzika uso ndani yake. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Jasho hili nnalijua," akasema. "Isifuliwe."

Bibi alikwishatangulia mbele ya haki, nami mtu mzima, Baba aliponieleza kwamba ile nguo haikuwahi kufuliwa tangu Babu alipofariki. Kila Ijumaa Bibi alikuwa akiitoa, akiinusa, akiirudisha. Harufu ya mumewe ilikuwa imebaki humo tu, na mimi nilikuwa nimeziba pua mbele yake. Akaifunika harufu hiyo kwa ubani ili nisichekwe.