Jeni za Mkiwa hazikukesha

Leo asubuhi nimeua ugunduzi wangu mwenyewe, hata chai sijanywa.

Mnajua nachunguza jeni za alizeti. Kompyuta inazipanga kwa makundi: zinazoamka pamoja, yaani kuanza kazi, na kulala pamoja, kundi moja.

Za alizeti za Itigi zinaamka asubuhi, kama watu.
Za Mkiwa zinaamka saa nane usiku!

Nimezitangaza kwa kila mtu. Kusema kweli, nilizipenda. Nimepanga chumba hapa Manyoni, naishi peke yangu, na saa nane usiku huwa niko macho. Nikaona angalau nimepata wenzangu.

Leo shangazi kapiga simu kutoka Mkiwa. Ndiye aliyenikatia majani ya alizeti kule. Kila akikata alikuwa ananitajia saa kwenye simu, naingiza kwenye kompyuta.

"Shikamoo shangazi."
"Marahaba. Saa mbili hii, umekunywa chai?"

Nikatazama saa ya kompyuta. 08:00.

Jamani.

Kila alipotaja saa mbili asubuhi, mimi niliandika 2. Kompyuta ikajua ni usiku wa manane.

Nikasahihisha shangazi akiwa bado kwenye simu. Jeni zote za Mkiwa zikahamia kundi la asubuhi.

Chekeni, ruhusa. Mwalimu wangu bado sijamwambia, mwenye maneno mazuri anipe.

Ila shangazi ndiye kaniweza. Nilipomweleza, akauliza, "Kwa hiyo usiku zilikuwa zimelala?"
"Zilikuwa zimelala, shangazi."
"Na wewe?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.