Gome la Dada Yangu Ndani ya Glasi Yangu

Ashukuriwe Mungu aliyeniamsha leo, akanipa macho ya kuiona karatasi hii na mkono ambao bado haujatetemeka sana. Nimekula chumvi nyingi, na kila punje ilitoka kwake. Yote aliyonitendea ni mema. Mabaya nitakayosimulia hapa ni yangu.

Ndugu msomaji, mimi si mlevi. Hilo ndilo nililojisemea miaka yote, na ndilo lililoniangamiza. Sijawahi kupepesuka njiani wala kulala mtaroni. Heri ya mlevi, kwa kuwa watu humwona wakamwombea. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa mwenye glasi kabatini. Mdudu wa aina gani huyo!

Nyumba yangu ipo Tunduma, karibu na yanapopanga foleni malori ya kuvuka mpaka. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka kujaa vitu vya nje, nilipangisha chumba cha uani kwa madereva waliokwama wakisubiri karatasi zao. Mmoja wao alikuwa Mzambia, mtu mzima mwenye adabu, ambaye kabla ya kushika usukani alikuwa akichanganya vinywaji kwenye hoteli moja kule kwao. Siku ya kuondoka alinipa chupa ya wiski iwe shukrani. Nilikataa. Nilikataa kwa maneno mengi, jambo ambalo lingetosha kukuonyesha kwamba niliitaka.

"Bashikulu," aliniambia, ndivyo wao wanavyomwita mzee wa heshima, "hii haileweshi ikinywewa vizuri. Inanywewa taratibu, kama mtu anayesali."

Kwa neno hilo la mwisho nilipaswa kumfungulia mlango atoke. Nilimsogezea kiti.

Akanionyesha. Tamu kidogo chini ya glasi, matone ya kitu kichungu, wiski juu yake, kisha ganda la chungwa linakamuliwa kwa vidole mpaka mafuta yake yaruke juu ya kinywaji. Hotelini walikuwa na uchungu wao wa kununua kwenye kichupa. Mimi sikuwa nao, lakini nilikuwa na kitu bora zaidi. Nilikuwa na gome.

Hapo ndipo dada yangu anapoingia. Jina lake nitalihifadhi. Kijijini walimwita Mama Bahati. Alikuwa mkubwa kwangu, alinibeba mgongoni mama akiwa shambani. Utoto wangu wote tumbo lilinisumbua, na mama alinichemshia gome la mti mmoja mchungu wa porini. Mama alipofariki dada aliendelea kulibandua. Kila alipokuja mjini aliniletea, limefungwa kwenye pindo la kanga yake, huku akiuliza kabla hata ya kukaa: "Tumbo linaendeleaje, mdogo wangu?"

Tumbo lilikuwa limeshapona zamani. Sikumwambia. Gome la tumbo langu nilililoweka ndani ya wiski kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, nikaliacha mpaka likawa jeusi kama kahawa. Badala ya sukari nilitia asali ya Kamsamba. Machungwa sokoni hayakukosekana.

Nikuambie ukweli? Kilikuwa kizuri! Kwanza utamu ulikupokea mlangoni, kisha uchungu ukakukalisha chini, mwishoni ikabaki harufu ya chungwa. Nilijifunza kulikata ganda lisibebe ile nyama nyeupe. Nilijifunza kuikoroga asali kwa maji ya moto kidogo isigande. Mtu aliyeshindwa kukariri zaburi mpya kwa miaka alipata ustadi wa namna hiyo! Nilikiita dawa. Mke wangu aliosha glasi kila siku bila kuuliza, na mimi niliuona ukimya wake kuwa utii.

Sasa sikiliza upande wa pili.

Dada alikuwa mjane. Aliwasomesha watoto wake kwa kupika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ile ambayo wazee huketi wakaizunguka na kuimiminia maji ya moto, wakainyonya kwa mirija. Kanisa la kijijini ni mtaa mdogo wa usharika wetu, na mashauri yake huamuliwa na baraza la wazee mjini. Shauri la wapika pombe lilipoletwa, ni mimi niliyesimama. Nilisema hatuwezi kuwa na mkono unaoshika ulezi wa pombe na mkono huohuo unashika mkate wa Bwana. Nilisema watu wazima wananyonya mirija kama ndama kwenye kiwele. Wazee wenzangu walicheka, na mimi nilifurahi kwamba wamecheka.

Dada akatengwa. Kwa taratibu zetu, aliyetengwa hakaribii Meza ya Bwana, na akifa kabla ya kurudishwa, mchungaji haendi kaburini wala kengele haipigwi. Kengele yenyewe ni ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Niliipeleka mimi kijijini kutoka Tunduma, na nilipigiwa makofi siku ile.

Unadhani alinikasirikia? Aliendelea kuleta gome.

Miaka ikapita. Ugonjwa wa moyo ukampata, miguu ikavimba, akaacha kupika. Alikuja kutibiwa mjini, akakaa kwangu. Kila jioni alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, akachambua mboga na mke wangu wakicheka mambo yao. Haikuchukua muda akaniambia ana ombi moja tu, na hataniomba lingine. Alitaka arudishwe kundini. Hakuogopa kufa, alisema. Aliogopa kubebwa kwenda kaburini kimyakimya kama mtu aliyeiba.

"Nataka nisikie ile ringi yako," alisema. Kisha akacheka. "Au wenzangu wasikie, mimi nitakuwa nimelala."

Nilimwahidi kwamba nitalisema barazani. Na nilikusudia, Mungu anajua.

Jumapili kabla ya kikao, baada ya ibada, nyumba ilikuwa tulivu. Nilidhani amelala. Nilikuwa sebuleni nimetoa vitu vyangu vyote mezani: kichupa, asali, chungwa, kisu. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa sababu ya miguu. Akaja akakaa. Akakichukua kile kichupa, akakifungua, akanusa.

"Gome langu," alisema.

Akavuta glasi, akaonja kwa ncha ya ulimi kama mpishi anavyoonja, nawe unajua alikuwa mpishi wa pombe.

"Nzuri kuliko yangu. Mimi sikuwahi kufikiria chungwa."

Nikamwambia ni dawa. Nilisema kwa sauti ileile niliyoitumia madhabahuni.

Akaniangalia bila hasira hata chembe. Kama angenitukana ningeponea hapo.

"Mdogo wangu," alisema, "hakuna dawa ambayo mtu anaingoja tangu asubuhi."

Akasukuma glasi irudi upande wangu, taratibu isimwagike. Akasema kesho nikifika barazani niseme tu kwamba yeye ni mgonjwa na ameacha. Mengine, alisema, ni ya nyumbani. Kisha akaomba nimsaidie kuinuka.

Elewa vizuri alichonipa. Alinipa kunyamaza kwake, bure, bila sharti. Na mimi, kwa kuwa roho yangu ilikuwa ya kubana na kuhesabu, sikuamini kwamba kuna mtu anayeweza kunyamaza bure.

Maana aliyetengwa, akirudishwa, husimama mbele ya usharika akatubu kwa kinywa chake. Usiku ule na asubuhi yake niliwaza hilo tu. Je, akisimama, akiwa na kanga yake na miguu yake iliyovimba, akaanza kusema juu ya gome? Nani angemzuia? Nilimwona dada yangu aliyenibeba mgongoni kama shahidi wa mashtaka!

Barazani mchungaji alisoma jina lake, akaonyesha kulikubali. Akanigeukia. Alisema huyu ni ndugu yako, mzee, wewe ndiye unayemjua, anafaa kurudishwa?

"Kwa sababu namjua," nilisema, "ndiyo maana nasema asubiri."

Nikaeleza kwamba hakuacha pombe kwa toba, ameacha kwa sababu hana nguvu za kuinua chungu. Nikasema tumpe muda hadi baada ya mavuno tuone matunda yake. Wazee waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Walisema kweli huyu mzee hana upendeleo, hata kwa damu yake. Niliwasikia. Niliyameza maneno yale kama kile kinywaji, utamu kwanza.

Nyumbani nilimwambia kwamba baraza limeahirisha. Aliuliza nani alisema lipi. Nikajibu kwamba mambo ya barazani hayatolewi nje. Akaitikia, "Haya." Juma lililofuata akaomba kurudishwa kijijini kwake.

Mavuno hayakumkuta.

Tulimzika mchana wa jua kali. Mchungaji hakuja. Ringi ilikuwa palepale kwenye mti, hatua chache kutoka njia tuliyopita na jeneza, na nyundo yake imening'inia kwa kamba. Hakuna aliyeigusa. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, sikuruhusiwa hata kuongoza sala kwenye kaburi la aliyetengwa, nami nilikuwa mtu wa kufuata taratibu! Waliomwimbia ni wanawake wa vilabuni, wapika pombe wenzake. Waliimba nyimbo zetu za kanisa, ubeti kwa ubeti, bila kitabu. Sikujua kwamba wanazijua. Sikuwahi kuwauliza kitu chochote.

Baada ya udongo, mwanawe mkubwa alinifuata. Hakuniamkia. Aliniwekea mkononi kipande cha kanga kilichofungwa fundo, akasema mama alimwagiza.

"Alisema gome hili ni la tumbo la mjomba. Alibandua mwenyewe, siku aliyoweza kutembea."

Lilikuwa bado bichi.

Kikao kilichofuata nilibeba chupa yangu hadi barazani, nikaiweka mezani pamoja na glasi. Nikasema yote, la gome na la kikao. Unataka kujua walivyonitendea? Walinihurumia! Mmoja alisema wiski kidogo kwa tumbo hata Timotheo aliruhusiwa, akachanganya wiski yangu na mvinyo wa Maandiko bila aibu. Mwingine aliniambia pembeni kwamba sikuwa na haja ya kuileta chupa. Nilitengwa, ndiyo, nami nilisimama mbele ya usharika, nikatubu. Lakini kabla ya msimu kugeuka nilikuwa nimerudishwa, nikapewa mkono, nikaimbiwa. Mzee mnywa wiski alisamehewa upesi. Mjane mpika ulezi alingojeshwa mpaka akafa. Tuliokaa kwenye meza ile tulikuwa watu wa namna hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha.

Uzee wa kanisa niliukataa. Walinibembeleza, nikakataa. Nikaomba jambo moja: ringi ipigwe kijijini kwa ajili ya dada yangu. Wakasema kwa upole kwamba kengele haipigwi kwa aliyekwisha kuzikwa, ndiyo kanuni. Niliijua. Ni mimi niliyekuwa nikiisoma kwa sauti kila ilipohitajika.

Wapwa zangu hawaji kwangu. Nikienda kijijini wananipa kiti, wananipa maji, wanakwenda zao. Sistahili zaidi ya hapo, na namshukuru Mungu hata kwa hicho kiti.

Wewe unayesoma huku kichupa chako kipo nyuma ya vikombe vya wageni, umekipa jina la dawa, jina la usingizi, jina la baridi ya Tunduma, nakujua. Wewe ni ndugu yangu. Usinijibu kwamba hulewi. Sikuuliza kama unalewa. Nakuuliza ni nani unayemzuia asile mkate wakati wewe umeficha chungwa. Nenda kamfungulie leo, angali anaweza kutembea. Mavuno hayamsubiri mtu.

Wanangu nimewaagiza kwamba siku yangu ikifika, ile ringi isipigwe. Wamebisha. Nimewaambia nitazikwa kijijini, nitapita pale alipopita dada yangu, na kwa sauti ileile.

Gome lake lilibaki kidogo. Naliweka juani lisiote ukungu, na tumbo likinisumbua, maana siku hizi linanisumbua kweli, nachemsha kipande kwa maji matupu kama mama alivyofanya. Ni chungu mno. Sitii asali.

Bwana aliyewasubiri wakaidi kama mimi akusubiri na wewe uliyesoma mpaka hapa. Akupe kinywa kinachosema ukweli mapema, nyumba isiyo na kabati la kufungwa, na ndugu wa kukuimbia siku yako. Amina.