Nilivyodai wastani wa taifa kwa mtani wangu pale Gongoni

Wakuu, habari zenu.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla hamjauona: nilikwenda kudai nyongeza ya mshahara kwa mtani. Mimi Mnyamwezi, bosi wangu Mzaramo. Sijatia chumvi hata chembe, nusu ya Gongoni hapa Tabora mjini ilishuhudia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Urambo tu naanza kuulizia gari la kurudi Tabora. Form four ilinitema kwenye duka la asali la Bi Zaina. Nachuja, nafungasha, maisha yanakwenda.

Sasa mke wangu akaona mtandaoni mishahara ya mkoa wetu imelinganishwa na wastani wa taifa.

Tuko chini.

Akanisogezea simu. "Baba Shija, ama uongezewe hapa, ama tuhamie Dar kwa kaka yangu. Mwezi huu huu."

Dar! Mimi! Usingizi ukapaa.

Asubuhi nikamvaa bosi na data zangu. Bi Zaina akacheka mpaka akashika kaunta.

"Babu zako walibeba mizigo yetu kutoka pwani hadi hapa, wakapewa shanga, wakashukuru. Wewe umebeba nini?"

Kwa msiojua, hiyo ndiyo shida ya kuajiriwa na mtani. Kila unalosema ni utani. Ukinuna ndiyo unachekwa zaidi. Nilijaribu sura ya msibani, akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

"Halafu huo wastani wako una mabosi wa migodini na wa maofisi ya Dar humo ndani," akasema. "Ukiwatoa hao unabaki na nani?"

Hapo alinipata, siwafichi.

Lakini wakuu, utani si wa upande mmoja! Mtani anaweza kushika mali yako mpaka uikomboe, na huruhusiwi kukasirika.

Nikajitwisha ndoo ya asali, oda iliyokuwa inasubiriwa stendi, nikashika barabara ya kwenda Mtendeni huku napayuka: "Wapagazi tumegoma! Msafara hauendi bila posho!"

Watu wakajaa. Wauza viatu wakaacha viatu. Bibi mmoja akapiga vigelegele bila kujua vya nini. Bi Zaina yuko nyuma yangu, anacheka na kunitukana kwa pamoja.

"Mnyamwezi wewe, rudisha asali, basi linaondoka!"

"Posho!" wakaitikia watu wote. Hata wasionijua!

Akanyoosha mikono katikati ya barabara. "Haya, nakuongeza!"

Nikamwambia arudie mbele ya watu, bila utani. Akarudia. Ndoo ikashuka.

Wastani wa taifa sijaufikia, bado nauona kwa mbali. Ila mke wangu kasema kwa nyongeza hii tunabaki. TUNABAKI, wakuu!

Nilichojifunza: takwimu inakuonyesha umesimama wapi, lakini anayekulipa umfuate kwa lugha anayoielewa yeye. Wa Mbeya, Mtwara na kwingine, kwenu mishahara ikoje, na nyie mlidai vipi? Shusheni hapa, nasoma zote, sina safari.

Kabla ya kuposti nimemsomea jirani yangu, Mama Kulwa. Kanitazama weee, kisha kasema:

"Baba Shija, hongera ya nyongeza, ila tusidanganyane: hata angekupunguzia, wewe usingehama."